Homa ya wiki ya pili: ukianza klozapini, uangalie moyo

Swali hili limetoka Kondoa, limetoka Mpwapwa, limetoka Manyoni na hata Area C hapa Dodoma mjini, na kila mara linafanana. Kijana, au dada, au mama wa watu, amerudi kutoka kliniki ya akili na dawa mpya iitwayo klozapini. Wiki ya kwanza ni usingizi mwingi na mate yanayolowesha mto. Wiki ya pili anaanza homa, mwili unamuuma, anachoka hata akienda chooni tu, na ukimgusa kifuani moyo unamwenda mbio. Amepimwa malaria, hana. Duka la dawa limempa vidonge vya UTI. Familia inauliza: ni dawa hii? Tumwachishe?

Jibu fupi: inawezekana ni dawa, na inawezekana kilichoguswa ni moyo. Mpelekeni siku hiyohiyo kwenye hospitali inayoweza kupima moyo, mkiwa na pakiti ya dawa mkononi. Msingoje tarehe ya kliniki. Maelezo yanayofuata ni ya yule anayetaka kujua aanzie wapi na ajihadhari na nini.

Ni dawa gani hasa

Wagonjwa wengi wa huku kwetu wanatumia haloperidoli, klopromazini, olanzapini, risperidoni au sindano ya mwezi. Klozapini haianzwi mwanzoni. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili huifikia pale ambapo dawa mbili tofauti zimejaribiwa kwa dozi na muda wa kutosha, na bado mgonjwa anasikia sauti au anaamini anafuatwa. Kwa mgonjwa wa aina hiyo ndiyo dawa yenye rekodi nzuri kuliko zote, na hupunguza hatari ya kujiua. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Ubaya wake ulianza kujulikana kwenye damu. Mwaka 1975 wagonjwa kadhaa nchini Finland walikufa baada ya chembe zao nyeupe za damu kuporomoka, na nchi nyingi zikaiweka kando kwa miaka. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha damu cha kila wiki miezi ya mwanzo, ambacho hospitalini hukiita FBP. Habari ya moyo ilikuja baadaye. Mwaka 1999 watafiti wa Sydney walichapisha katika jarida la Lancet taarifa za wagonjwa wa Australia: kati ya watu wapatao 8,000 walioanzishwa klozapini, 15 walivimba misuli ya moyo na 5 kati yao walifariki. Wote 15 waliugua ndani ya wiki tatu za kwanza.

Makadirio ya sasa yanazunguka kwenye watu 7 katika kila 1,000, ingawa Australia, wanakopima kwa bidii, huhesabu wengi zaidi. Kwa hiyo wengi wataimeza miaka na miaka bila moyo kuguswa. Dawa nyingine za kundi hili zimewahi kutajwa, lakini kwa nadra. Kama baba yako yupo kwenye haloperidoli mwaka wa kumi, makala hii isimkoseshe usingizi.

Moyo unapatwa na nini

Kinga ya mwili inaigeukia misuli ya moyo. Misuli inavimba na kusukuma damu kwa taabu, na mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Madaktari huiita hali hiyo mayokaditisi. Hatari ni kubwa zaidi kwa anayepandishiwa dozi haraka, kwa mwenye umri mkubwa, na kwa anayetumia pamoja na dawa ya kifafa iitwayo sodiamu valproeti. Kama ndugu yako anatumia valproeti, mkumbushe daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Dalili zenyewe, na zinavyojificha

Tatizo la ugonjwa huu ni kwamba hauanzi na kushika kifua kama kwenye sinema. Unaanza kama mafua:

- homa, baridi na mwili kuuma
- uchovu usiolingana na kazi aliyofanya
- kutapika au kuharisha, na pengine maumivu wakati wa kukojoa
- mapigo ya moyo kwenda kasi hata akiwa amekaa
- pumzi kukatika, hasa akilala chali au akipanda ngazi
- kifua kuuma au kubana
- kizunguzungu, kuzimia, miguu kuvimba

Dalili hizo za mwanzo zote zina majina tayari kwenye midomo yetu: malaria, taifodi, UTI. Lakini Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania. Nyanda hizi ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja tu. Pima malaria, ndiyo, kwa kuwa mtu anaweza kuwa ametoka safari ya Morogoro au Kigoma. Kipimo kikisema hana, basi hana. Usimpe dawa ya malaria "kwa tahadhari" ukajiona umemaliza kazi.

Kuna jambo la kuwatuliza pia. Klozapini yenyewe huleta homa ndogo ya siku mbili tatu kwa watu wengi katika wiki za mwanzo, na huongeza kasi ya mapigo bila moyo kuwa na ugonjwa. Huwezi kuzitofautisha homa hizo mbili kwa macho. Vipimo ndivyo vinavyozitofautisha, na ndiyo maana nasisitiza hospitali badala ya kubashiri.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Mkiwa bado mbele ya daktari, ombeni haya:

1. Vipimo vya kuanzia: FBP, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), na pale vinapopatikana, troponini na CRP. Troponini huonyesha kama misuli ya moyo inaumia. CRP huonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Eko ya moyo, yaani ultrasound yake, ni nzuri ikiwezekana. Bila namba za mwanzo, namba za wiki ya pili ni ngumu kusomeka.
2. Ratiba ya kupandisha dozi, iandikwe kwenye karatasi. Kwa kawaida siku ya kwanza ni miligramu 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25, kisha hupandishwa polepole. Mtu asiwaambie nyumbani kwamba "akizidishiwa atapona haraka".
3. Namba ya simu ya kliniki, na jina la mtu wa kumpigia.
4. Orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za asili. Usione aibu kutaja mizizi aliyopewa na mganga. Daktari ameshasikia mengi.

Na la tano, ambalo halipo kwenye kitabu cha daktari yeyote: chagueni msimu. Mvua za huku huanza kwenye Desemba na kuishia Aprili, na familia nyingi huhamia mashambani kulima mtama, uwele na alizeti. Kumwanzishia mtu klozapini wiki ambayo ukoo mzima unahamia shamba lililo mbali na barabara ni kujitafutia balaa. Kama hali yake inaruhusu kusubiri, mwambieni daktari ukweli. Kama hairuhusu, abaki mjini kwa shangazi au mjomba kwa wiki nne, na mwingine ashike jembe lake.

Wiki nne za kwanza nyumbani

Tafuteni daftari dogo na kipimajoto cha kidijitali kutoka duka la dawa. Mtu mmoja awe msimamizi; wakiwa wanne hakuna anayepima. Kila asubuhi kabla hajanywa chai na kila jioni, andikeni tarehe, ni siku ya ngapi tangu aanze dawa, joto, na mapigo.

Mapigo hupimwa hivi. Mgonjwa akae kitini dakika tano bila kuongea. Geuza kiganja chake kitazame juu. Weka vidole vyako viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hapo kwenye kijibonde kati ya mfupa na mshipa mgumu. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake. Ukishayasikia, fungua saa ya simu na uhesabu dakika nzima. Nusu dakika mara mbili inakubalika kama hatulii.

Namba za kushtuka:

- joto la 38 au zaidi
- mapigo zaidi ya 120 kwa dakika akiwa amepumzika
- mapigo yaliyopanda kwa 30 au zaidi kuliko yalivyokuwa kabla ya kuanza dawa

Hospitalini, utaratibu uliopendekezwa na watafiti wa Australia mwaka 2011 ni kupima troponini na CRP kila wiki kwa wiki nne. Troponini ikivuka mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida, au CRP ikipita 100, dawa husimamishwa na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa moyo. Si kila kituo chetu kitaweza kupima kila wiki. Basi angalau pimeni wiki ya pili na ya tatu, na siku yoyote dalili zinapotokea.

Siku mambo yakibadilika

Kifua kikiuma, pumzi ikikatika, akizimia, au mapigo yakipita 120 pamoja na homa, fanyeni hivi:

1. Msimpe dozi inayofuata mpaka daktari amwone. Hiyo ni tofauti na kuacha dawa moja kwa moja; uamuzi huo ni wa daktari.
2. Pigeni simu kliniki iliyomwanzishia, huku mkiwa mmeshaanza safari.
3. Nendeni kwenye hospitali yenye ECG na maabara nzuri. Kwa mjini Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile wenyeji wanayoiita General. Aliye Kondoa, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, aanze na hospitali ya wilaya ili apate ECG na rufaa, asipande basi peke yake. Walio upande wa Itigi wana St. Gaspar. Kwa matatizo mazito daktari anaweza kumpeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.
4. Bebeni daftari, pakiti ya dawa na kadi ya kliniki.
5. Asitembee umbali mrefu, na bodaboda ya saa nzima kwenye mashimo si usafiri wa mtu mwenye moyo uliovimba.

Kisha kuna maneno ya kusema mapokezi, nami nawasihi mwanafamilia ayajue kwa kichwa. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, ipo tangu mwaka 1927, na kwa muda wote huo watu wamelitumia jina lake kama tusi. Utani huo unawafuata wagonjwa hadi hospitali nyingine. Mgonjwa akisema "moyo unanichoma", mtu anatazama kadi yake na kuhitimisha kwamba ni ugonjwa wake wa akili unaoongea. Hapo ndipo saa zinapopotea. Kwa hiyo usianze kwa kusema "ni mgonjwa wa Mirembe". Sema hivi: "Ameanza klozapini tarehe fulani. Leo ni siku ya 16. Ana homa ya 38.4, mapigo 128. Dawa hii inaweza kuvimbisha misuli ya moyo, tunaomba apimwe ECG, troponini, CRP na FBP." Ukisema kwa utulivu na kuonyesha daftari, hata daktari kijana ambaye hajawahi kuiona klozapini atashtuka na kuuliza wakubwa wake. FBP msiisahau, kwa sababu homa hiyohiyo inaweza kutokana na chembe nyeupe kushuka.

Makosa yanayojirudia

*Kununua sipro.* Duka la dawa likisikia homa na kukojoa kwa maumivu, siprofloksasini inatoka kabatini. Dawa hiyo huzuia ini kuvunja klozapini, na kiwango cha klozapini kwenye damu kinapanda sana bila dozi kuongezwa. Mgonjwa anaweza kulala fofofo au kupata degedege. Septrini na kabamazepini nazo hazifai kuandamana na klozapini, kwa ajili ya chembe nyeupe. Aliyekuwa akitumia septrini au kabamazepini tangu zamani asiikatishe mwenyewe; amwambie daktari. Muuza dawa aambiwe jina la klozapini kabla hajafungua kabati.

*Kurudia dozi kubwa baada ya pengo.* Dawa ikiisha, au mgonjwa akigoma, na saa 48 zikapita, hairudiwi pale ilipoishia. Inaanzwa upya na miligramu 12.5, kwa maelekezo ya daktari. Wanaofunga Ramadhani wazungumze na kliniki mapema wapangiwe saa za daku na futari, badala ya kuruka dozi.

*Kumlazimisha atoke jasho.* Homa ya Oktoba, jua la Dodoma linachoma, mtu anaambiwa akimbie au alime "ugonjwa utoke". Moyo uliovimba ukifanyishwa kazi unaweza kusimama.

*Kuacha sigara ghafla bila kusema.* Ni jambo jema, lakini moshi huharakisha ini kuvunja klozapini, hivyo ukikoma kiwango cha dawa hupanda. Ugoro wa babu hauna athari hiyo, kwa sababu hauna moshi.

*Kusahau choo.* Hili si la moyo, naliingiza kwa nguvu tu: klozapini hufunga choo, na choo kilichofunga kimeua watu. Siku tatu bila choo, semeni. Mlenda na maji vinasaidia, ila visiwe tiba pekee.

"Lakini…"

*"Si bora kuikataa kabisa?"* Pima upande wa pili. Mtu aliyeugua miaka minane, anayelala barabarani, aliyewahi kujaribu kujinyonga, naye yupo kwenye hatari ya kufa, tena kubwa. Binafsi, kwa mgonjwa wa namna hiyo, ningeikubali dawa na kushika daftari.

*"Kituo chetu hakina troponini."* ECG, kipimajoto, saa ya simu na FBP vinapatikana sehemu nyingi, na vinatosha kuamua nani asafirishwe leo. Lakini ECG nzuri peke yake haithibitishi kwamba moyo ni mzima. Kama homa na mapigo vinaendelea, dai rufaa.

*"Hatuna nauli wala pesa ya vipimo."* Onaneni na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuanza dawa, si siku ya dharura. Ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha. Aliye na bima aulize mapema ni vipimo gani vinalipiwa. Na wiki ya pili na ya tatu wekeni kando nauli ya watu wawili, isiguswe hata kama kuna msiba wa jirani.

*"Tumemwombea, homa imeshuka."* Ombeni, hakuna anayekataza. Parasetamo pia hushusha homa. Mapigo yakiwa bado 125, safari ipo palepale.

*"Daktari ataona tunamfundisha kazi."* Daktari anayefaa atafurahia namba. Anayekasirika, mwache akasirike huku mgonjwa anapimwa.

Baada ya hospitali

Habari njema ni kwamba dawa ikisimamishwa mapema, wengi moyo wao hurudi sawa, mara nyingi ndani ya wiki chache. Ila kuna mambo matatu ya kushika.

Kwanza, kupumzika ni kwa miezi. Madaktari wa moyo kwa kawaida huzuia kazi nzito na michezo kwa miezi mitatu hadi sita, hata mtu akijiona mzima. Kijana wa shamba la zabibu atasumbua, atasema amepona. Mpeni kazi ya kuhesabu kreti kivulini.

Pili, dalili za akili zinaweza kurudi kwa kasi klozapini inapokatwa. Msitoke wodini bila dawa mbadala na tarehe ya karibu ya kliniki ya akili. Idara ya moyo na kliniki ya akili mara nyingi hazipo jengo moja, wala hazisomeani mafaili. Karatasi ya ruhusa ichukueni mikononi mwenu, mtoe nakala, mpeleke wenyewe.

Tatu, msirudie klozapini iliyobaki kabatini. Wapo wagonjwa waliorudishiwa salama, lakini ilifanywa na mabingwa wawili wakishauriana, kwa dozi ndogo kabisa, wakipimwa moyo kila hatua. Vidonge vilivyobaki rudisheni famasi ya hospitali, na kwenye kadi ya mgonjwa ombeni iandikwe kwa wino mwekundu: alivimba misuli ya moyo kwa klozapini, pamoja na mwaka.

Hata aliyevuka mwezi wa kwanza salama aendelee kupimwa. Miezi au miaka baadaye moyo unaweza kudhoofika na kutanuka polepole, na dalili zake ni pumzi fupi, miguu kuvimba na kushindwa kulala bila mito miwili. Akiwa hivyo, ombeni eko. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyeanza dawa hii mwezi huu, funga gazeti, kamshike mkono uhesabu mapigo yake, uandike namba hiyo pamoja na tarehe ya leo.